Nani Atatupikia

Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyerudi Kabambare na diploma ya sheria. Niliitafuta mwenyewe Lubumbashi, mchana nikibeba saruji, jioni nikisoma, na sioni haya kulisema hilo. Kwa hiyo mama mdogo wangu alipofiwa na mwanawe, dereva wa pikipiki aliyepigwa risasi na wanyang'anyi kwenye barabara ya Salamabila, kila mtu alijua nani ataandika barua ya familia kwa majaji wa Kasongo.

Niliandika kurasa nne. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba hukumu ya kifo, iliyokaa miaka mingi bila kutekelezwa, sasa itatekelezwa. Niliidai kwa maneno ambayo hata leo nikiyasoma nayapenda. Mnyang'anyi aliyekamatwa alikuwa kijana wa nyumba ya jirani. Niliwasomea wajomba uani, kwa sauti kubwa, na mmoja akasema shule si mchezo. Kilichobaki ni mama mdogo kuweka kidole chake.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa kilio. Kwetu mama aliyefiwa hawashi moto. Majirani humpikia mpaka matanga yavunjwe. Nilikuwa nafungua wino wa kidole pale mama wa yule kijana alipoingia na sahani ya ugali na sombe, majani ya muhogo. Wajomba walisimama. Nilimwambia, kwa sauti yangu ya ofisi, kwamba yeye ni upande wa mshtakiwa. Alipoinama kuweka sahani, kitambaa kilimteleza, tukaona kichwa kimenyolewa chote, kama cha mfiwa, kama cha mama mdogo.

Mama mdogo alimtazama kichwani.

"Umenyoa. Nani alikufa kwako?"

"Mutoto yangu."

"Ule iko mu gereza. Anapumua."

"Dada, nilisikia barua ikisomwa. Nimeanza kilio yangu."

Mama mdogo alinawa, akamega ugali, akala. Katika vitabu vyote nilivyosoma sikuwahi kuona kitu kikubwa kama mkono ule ukienda kinywani.

"Mwanangu, funga wino yako," akaniambia. "Sisi wawili tukikaa ku mkeka, nani atatupikia?"

Nilimtajia vifungu vya sheria. Alisubiri nimalize.

"Afungwe mpaka azeeke, sikatai. Lakini nywele za mama yake ziote."

Kasongo nilisoma barua mpya, nusu ukurasa tu. Kijana akapewa kifungo cha maisha. Kisha jaji mkuu akavua miwani na kuniuliza nani ametunga maneno yale. Ni swali ninalolipenda sana, na kwa kawaida hulijibu haraka. Siku ile niligeuka nikamwonyesha benchi la nyuma, walipokaa mama wawili bega kwa bega, nywele zao zikianza kuota, nikamwambia ni mama mdogo wangu, asiyejua kuandika jina lake.