Mzima Kila Akifika kwa Daktari

Binti yangu alikuwa mgonjwa kila asubuhi, na kila tukifika hospitali ni mzima.

Miaka mitatu hivyo.

Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Lakini akiamka, ulimi mzito, maneno yanaburuzika. Macho na kichwa vinarukaruka, kama anafuata nzi ambaye sisi hatumwoni. Miguu inapishana, anashika ukuta. Siku nyingine anakatika katikati ya neno, anatoa macho, kisha anarudi kama hakuna kitu.

Mimi fundi pikipiki. Kitu kikigoma alfajiri na kukubali saa nne, najua kina sababu.

Daktari wa zamu hakuona hivyo.

"Mzee, mtoto ana nini?"

"Hawezi kutembea."

Chiriku huyo, anazunguka meza yake kwa mguu mmoja.

"Naona," akasema.

Mara ya tano wakatupatia dawa za kifafa. Zikamlaza kutwa, asubuhi ikabaki vilevile. Mwalimu akasema ni mvivu, anazubaa mpaka kengele ya chakula ndiyo anachangamka. Akamrudisha darasa.

Dada wa mke wangu akasema ni jini.

"Jini gani anaripoti alfajiri na kutoka saa nne?" nikamuuliza. "Mbona ana nidhamu ya kazi kuliko mumeo?"

Hatukusalimiana mwezi mzima.

Mke wangu alikuwa na sheria moja: mtoto haendi mbele za watu na njaa. Kila siku ya hospitali ni uji kikombe kikubwa, mkate juu yake, nguo safi. "Wasije wakasema hatumlishi."

Safari ya kumi na moja mke wangu alikuwa anamuuguza mama yake. Uji nikapika mimi. Nikauunguza.

"Baba, unanuka tairi," Chiriku akasema kwa ulimi ule mzito.

"Kunywa."

"Anza wewe."

Nikaonja. Tukaondoka bila kula.

Kwenye foleni macho yakaanza kufukuza nzi. Shingo ikalegea. Nikambeba, nikapita watu wote.

"We baba, sisi tumekuja hapa kuota jua?" mama mmoja akafoka.

Nikausukuma mlango kwa bega. Ndani kulikuwa na daktari mgeni, binti mdogo tu. Nikamlaza Chiriku mezani kwake.

"Haya! Leo mwone!"

Hakubishana. Akamtoboa kidole, akapima sukari. Iko sawa. Akakunja uso.

"Amekula saa ngapi?"

"Jana jioni."

Akampa maziwa na biskuti. Nusu saa baadaye Chiriku anamuuliza kwa nini viatu vyake vinalia.

"Siku nyingine mkija, huwa ameshakula?"

"Kila mara."

Daktari akashika kichwa.

Wakampima maji ya uti wa mgongo, na damu yetu sote watatu. Sukari sawa kwenye damu, haba kwenye ubongo. Mlango wa kuipitisha ni mbovu tangu kuzaliwa. Akila, inapenya kidogo. Akikaa na njaa, ubongo unafunga duka.

Yaani tenki limejaa, kabureta kavu. Hapo nikaelewa.

Tiba yake ni chakula cha mafuta mengi, wanga kidogo mno, kila kitu kwenye mizani, kwa sababu ubongo unakubali kula mafuta. Mwezi wa pili wa mlo huo akaamka anaimba.

"Ni ugonjwa wa kurithi," daktari akasema.

"Nilijua tu! Ukoo wa mama yake ule..."

Akageuza karatasi ya majibu. "Umetoka kwako, baba. Shuleni ulikuwaje?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Shule ilikuwa mbali, nakwenda kwa miguu, tumbo tupu. Nikifika getini miguu inajinyonga yenyewe. Mwalimu aliniita mlevi. Nilichapwa mpaka nikaacha, darasa la nne. Umri wote huu nilijua mimi ni mjinga.

Wewe unayesoma, usimnyime mtoto chakula. Ila ugonjwa ukimjia nyumbani, shika simu, urekodi, daktari auone wenyewe. Usimpelekee mtoto aliyeshatengenezwa.

Sisi imetugharimu hivi. Safari kumi na moja. Darasa la kwanza mara mbili. Miaka mitatu ya ubongo kukua na njaa, na daktari kasema kuna vitu atachelewa kujifunza, vingine hatavipata.

Na fimbo nne, kwa kosa la kudeka asubuhi.

Nilimchapa mimi.