Nilimwitia Somo Mtoto wa Miaka Minane

Mmeadimika nyinyi! Wiki ya pili hii jirani ananifungulia ukurasa huu na hapana hata mmoja aliyeandika neno. Haya, leo kaeni mnisikilize. Mimi sikusoma, yeye ndiye ananiandikia. Jina langu lifichwe.

Nina miaka sitini na mitatu, niko Likoni, namlea mjukuu wangu wa kike. Mamake yuko Saudia kikazi. Aliniachia kitoto chembamba, nikaapa atakaporudi atamkuta kanona. Mahamri asubuhi, viazi karai akitoka shule, soda kila akimlilia mamake. Watu wakisema, "Mashallah, huyu kalelewa," nami kichwa kinavimba. Kifua kilipoanza kuchomoza nikasema ni unene tu.

Mwezi uliopita akatoka msalani analia, nguo ina damu. Badala ya kumkumbatia, wallahi, nilimfinya. "Nani kakugusa? Sema!"

"Nyanya, nakufa?"

Nikamwita somo, yule mama anayewafunda wasichana wakivunja ungo. Alipomwona akanigeukia mimi. "We bibi, una wazimu? Huyu hata meno hajamaliza kuota, nimfunde nini? Mpeleke hospitali!"

Daktari alimpima, akazungumza naye taratibu. Hakuguswa na mtu. Akasema unene wa utotoni unaweza kuharakisha baleghe, ingawa zipo sababu nyingine, na bado anamfanyia vipimo. Akauliza mtoto anakula nini. Nikataja, sauti ikinipungua. Soda nikaificha.

"Na soda, Nyanya," mtoto akanikumbusha. Nilitamani sakafu inimeze.

Sasa tunakula samaki na mchicha, jioni tunatembea. Lakini kila nikimpunguzia wali anainamisha kichwa kama anayeadhibiwa. Juzi akaninong'oneza, "Nyanya, nikikonda utanisamehe?"

Mimi nimsamehe yeye! Kosa lake nini, maskini? Nilijifanya nakohoa, nikatoka nje.

Kwetu mtoto ndiye huomba radhi kwa mkubwa. Sijawahi kuona mkubwa akimwomba mtoto, na mdomo wangu haujui pa kuanzia. Nikinyamaza, atakua akiamini damu ile ilikuwa dhambi yake. Nishaurini wanangu, nimwambieje?

Na mkirudi hapa msiniwekee vile vikatuni vya kulia. Niandikieni maneno yenyewe, mafupi, ya kueleweka na mtoto wa miaka minane.