Raba Zilizobaki Kwenye Kiroba

Enesi anakujua kwa viatu vyako. Usibishe. Kama umewahi kushuka stendi ya Tunduma ukiwa umebanwa, umeshakutana naye: pale mlangoni kwenye choo cha kulipia, juu ya kigoda kifupi, boksi la tishu pajani. Wewe hukumwona, na wala hulaumiwi, nani anaangalia sura za watu akiwa amebanwa? Unanyoosha hela, unavuta tishu, unaingia mbio. Ila yeye kakuona. Kigoda chenyewe kifupi kinoma, kwa hiyo macho yake yanaishia kwenye vifundo vya miguu. Madereva wa malori ni ndala na soksi. Makonda ni raba zilizokanyagwa visigino. Wa kutoka Isongole wanakuja na vumbi mpaka kwenye kamba. Wazambia angalau wanasalimia, "Mulishani, bamayo?", lakini kabla hajaitikia wameshaingia ndani na komeo limeshagonga, kwa!

Miaka kumi na moja hiyo. Kigoda hicho hicho.

Sasa mwezi wa tano mwaka huu Enesi akaugua malaria. Siku tatu kalala kwenye chumba chake huko Mpemba, anatetemeka, anajifunika blanketi, analifunua. Bosi wa choo akaweka mtu mwingine. Siku ya nne karudi kwenye kigoda, bado miguu inamlegea, na moyoni anasubiri. Anasubiri nini? Kitu kidogo tu. Mtu mmoja aseme, "Mama, ulikuwa wapi?" Basi.

Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Hela zinanyooshwa, tishu zinavutwa, komeo linagonga. Jioni akafunga boksi lake akarudi nyumbani, na swali likamfuata njia nzima na kuingia naye ndani: siku nikikosekana kabisa, nani atajua?

Maana huyu mama hakukulia upweke, ujue. Kazaliwa Ruanda, kule Mbozi, nyumba ya wakulima wa kahawa, watoto tisa wanalala wamepangana kama mahindi ghalani. Ukigeuka wewe wanageuka wote. Kaolewa, mume wake Shadrack akafariki, akabaki na binti mmoja, Angel. Angel yuko Mwanza, ana kazi nzuri, ana watoto, anapiga simu Jumapili. Anapiga kweli, sio mbaya. Ila simu zake zote zinaishia na neno moja: "Mama, nakupigia baadaye." Hiyo baadaye haijawahi kufika Mpemba.

Angel ndiye aliyetuma hela. "Mama, na wewe nenda katembee, kila siku choo choo tu! Nimeona tangazo kwenye status ya mtu, wikendi ya Nanenane, wanapeleka watu Kamsamba, mnazunguka na boti pale Momba inapoingia Ziwa Rukwa. Ukifika unitumie picha."

Enesi akaenda sokoni akanunua raba nyeupe. Nyeupe pe! Mtu ambaye miaka kumi na moja anaangalia viatu vya wenzake, siku ya kwenda kutalii angevaa nini?

Ijumaa wakapanda Coaster mpaka Kamsamba, wakalala gesti, Jumamosi asubuhi hao mtoni. Walikuwa abiria kumi na watatu. Kulikuwa na mtu na mke wake kutoka Vwawa, familia ya mwalimu, vijana wa Mlowo na spika lao, na dada wawili wauza mitumba wa Tunduma, Tabu na mdogo wake Zakia. Huyo Zakia anaongea! Alianza kuongea kwenye Coaster wakiwa bado Tunduma, na mpaka wanafika mtoni alikuwa hajamaliza sentensi ya kwanza.

Muongozaji anaitwa Ezron, mtoto wa hapo hapo Kamsamba, zamani mvuvi. Mwembamba kama mti wa kusukumia boti. Kabla hamjapanda ana amri zake mbili.

"Ya kwanza, viatu vyote kwenye kiroba. Boti yangu haijui matope ya Tunduma. Ya pili, wawili wawili! Kila mtu na mwenzake. Mkiwa huko mimi sihesabu vichwa, maana kichwa hata kiboko anacho. Nitauliza tu, mwenzako yupo? Kila mtu amwangalie wake. Tumeelewana?"

"Tumeelewanaa!"

Watu wakakamatana mikono, vicheko, kusukumana. Kumi na watatu ukigawa mara mbili unajua mwenyewe kinachotokea. Enesi akabaki kasimama kwenye tope, peku, raba zake zimeshamezwa na kiroba, anajifanya anafunga vizuri lile jaketi la kuelea.

Ezron akamwona. "Mama yangu, wewe mwenzako ni mimi. Au hunitaki?"

"Nitakutakaje na hujanitajia mahari," Enesi akamjibu, na watu wakaangua kicheko. Mwenyewe akashtuka. Alikuwa hajachekesha watu tangu lini?

Basi boti ikaondoka. Na Momba, kwa wasioijua, ikikaribia ziwa inachoka kuwa mto mmoja. Inajigawa. Kijito hiki kinapita huku, kile kinapita kule, katikati matete marefu kuliko nyumba, na kila kijito kinakwenda kivyake kama ndugu waliogombana. Ezron anazima injini, anasukuma kwa mti, ananong'ona. Wale ndege ni mwari, midomo kama mifuko. Yale macho mawili majini ni ya kiboko, siyo gogo, usiweke mkono. Pale juu ya mchanga mamba kalala, mdomo wazi.

"Mwenzangu, umemwona?" Ezron anamuuliza Enesi.

"Nimemwona. Huyo choo changu haingii, ana tumbo la kujaza shimo."

Wakacheka tena! Zakia akacheka mpaka akamwaga karanga. Enesi akaangalia miguu ya watu humo ndani ya boti, yote mitupu, vidole tu, na akagundua hamjui hata mmoja. Bila viatu ilibidi aangalie juu. Akaangalia. Watu wana sura, kumbe.

Tena Ezron kila wanapokata kona anageuka, "Mwenzangu yupo?" Na yeye anajibu, "Nipo!" Kona kumi, mara kumi. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, lakini mara ya kumi alikuwa anaisubiri kama mtoto anavyosubiri kuitwa jina darasani.

Saa saba wakashuka kwenye kisiwa cha mchanga. Ugali, perege wa kukaanga, pilipili, vijana wamewasha spika. Enesi akala, halafu, ndiyo, akabanwa. Na choo hakuna! Akajichekea peke yake akizunguka nyuma ya matete. Leo bure, mama, pita.

Alipomaliza akasikia Ezron anawahimiza watu, upepo wa ziwa umeanza kuamka, twendeni, twendeni. Enesi akaja. Alikuwa hatua kama ishirini, nyuma ya tete la mwisho, anawaona wote. Wanapanda, wanakaa, mtoto wa mwalimu analia, Ezron anahangaika na kamba ya injini.

"Haya, mwenzako yupo?"

"Yupoo!"

Kila mtu alisema ukweli. Kila mtu kamwangalia wake, wake yupo. Na Ezron kainamia injini.

Enesi akafungua mdomo aite. Halafu akaufunga.

Hapa ndipo watu wakihadithiwa wanasema mama huyu kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Lile swali la mwezi wa tano lilikuwa limesimama pale pale matetini naye, na alitaka jibu lake. Ngoja nione, akasema. Kabla injini haijawaka, atageuka. Injini ikawaka. Basi, kabla hawajaiacha pwani ya mchanga. Wakaiacha. Basi, pale kwenye kona, kwenye kona lazima ageuke, si kageuka kona zote?

Boti ikafika kwenye kona. Akaona mgongo wa Ezron, kiroba cha viatu mbele, shati jekundu la kijana wa Mlowo. Ikapotea. Hapo sasa ndipo akaita. "Wee! Jamaniii!" Nani asikie, injini inanguruma na spika linapiga.

Mlio ukawa mdogo, ukawa kama wa nyuki, ukaisha.

Kimya cha kule siyo kimya cha Mpemba. Cha Mpemba kuna lori, kuna mlevi, kuna jirani anakohoa. Kule kuna maji, na kiboko anayepiga chafya usimwone. Enesi akakaa katikati kabisa ya mchanga, mbali na maji pande zote, na jaketi lake la rangi ya chungwa. Kulikuwa na nyayo za watu kila mahali. Akajaribu kubahatisha, hizi za mwalimu, hizi za Zakia. Akashindwa. Zake alizijua, zilikuwa zinatoka matetini peke yake.

Akatoa simu. Mtandao hakuna hata nukta. Akafungua kwa Angel, akashika kile kialama cha kurekodi sauti, akaongea.

"Angel mwanangu. Nimeachwa huku kisiwani. Ila sikuita, mama. Nilikuwa nawaona, sikuita. Nilitaka kuona kama kuna mtu..." Upepo ukaingia kwenye simu. "Basi. Nilitaka kuona tu."

Akaachia. Kile kisaa kikatokea pembeni kinasubiri mtandao, na yeye akasubiri, wote wawili wanasubiri.

Saa nane na nusu. Saa tisa na nusu. Saa kumi. Akamwomba Mungu kwa Kinyiha, maana Kiswahili kilikuwa kimemwishia. Hakuomba boti. Aliomba tu lile swali lake lisiwe limeshajibiwa.

Saa kumi na robo akasikia nyuki.

Ezron aliruka kabla boti haijagusa mchanga, suruali yote maji. "Mama yangu nisamehe. Mama yangu. Nimekuwa mjinga, nisamehe." Na nyuma yake, kakumbatia kitu kifuani, akashuka Zakia.

Kakumbatia raba. Nyeupe pe.

"Za kwako hizi?" Zakia akasema. "Mungu wangu, za kwako! Tumefika kule, Ezron anagawa viatu, kila mtu kachukua vyake, kiroba hakijaisha. Kuna raba. Za nani hizi? Hakuna mtu. Za nani jamani? Ndiyo nikasema, yule mama wa mahari! Yuko wapi yule mama wa mahari? Tabu kaanza kulia, yule mwalimu kamkaba Ezron shati, we acha tu! Nikasema mimi naenda na raba zake, siwezi kukaa."

Kwa hiyo jibu likawa hilo. Waliomkumbuka kwanza ni viatu.

Njiani Zakia alikaa ubao mmoja na Enesi, sendozi zake za kijani zimerudi miguuni, zenye maua ya plastiki, la mguu wa kushoto limemeguka.

"Ila shangazi, mbona hukuita? Mimi ningepiga yowe wakasikia mpaka Nakonde."

Enesi akafunga kamba za raba yake polepole. "Nilikuwa nimejisaidia, mwanangu. Nilipotoka mmeshaondoka."

"Na njiani tunakuita, tunashindwa tuite nani. Tukawa tunaita, mama wa mahariii! Unaitwa nani kwani?"

"Enesi."

"Shangazi Enesi," Zakia akasema, halafu akaendelea kuongea mpaka wanafika.

Karibu na Kamsamba simu ikaingiza mtandao. Kile kisaa kikageuka tiki moja, mbili, kabla hajawahi kukizuia. Dakika moja tu, Angel akajibu, kopa tatu nyekundu: "Waoo mama! Niko bize, ntasikiliza baadaye. Picha ziko wapi?"

Enesi akaishika ile sauti yake kwa kidole, akaifuta, kwa wote. Akatuma picha ya mwari.

Jumatatu kigoda kile kile. Ndala na soksi. Visigino vilivyokanyagwa. Komeo, kwa! Jumanne vile vile. Mara moja moja ananyanyua macho, lakini mtu aliyebanwa hapendi kuangaliwa, anayashusha.

Alhamisi mchana zikaja sendozi za kijani. Ua la kushoto limemeguka. Zinakuja mbio, na juu yake sauti inaongea na simu bila kupumua, mzigo umefika, mzigo haujafika, mwambie Tabu afungue robota. Mkono ukanyoosha hela. Ukavuta tishu. Sendozi zikaingia. Komeo.

Enesi akakaa na ile hela mkononi.

Komeo likafunguka. Sendozi zikatoka, simu bado sikioni, zikapita mbele ya boksi la tishu, hatua ya kwanza, ya pili, ya tano, zinaelekea kwenye mabasi. Hapakuwa na injini ya kusingizia.

"Zakia!"

Ikatoka kubwa kuliko alivyopanga, mpaka konda mmoja akageuka. Sendozi zikasimama, vidole bado vimeelekea kwenye mabasi.

"Subiri kidogo," Zakia akamwambia wa kwenye simu. "Kuna mtu ananiita."