Miaka Ambayo Mama Hakuiiba

Mwezi uliopita nesi wa kituo cha afya hapa Bulengera, mtaani kwetu Butembo, alinipima tansio, yaani presha ya damu, akaitazama mashine mara mbili, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi ya nje: "Mama, roho yako iko ya kijana. Utafika miaka mia." Nilimwomba ashushe sauti. Alicheka, akidhani naona haya. Nje walikaa wanawake wamepakata watoto wagonjwa, nami nikapita mbele yao na afya yangu kama mtu aliyebeba nyama mbele ya wenye njaa. Tangu siku hiyo situlii. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naanza chai naiacha ipoe, natoka hadi barabarani narudi bila kununua kitu.

Upande wa mama yangu wanawake hawafi upesi. Bibi aliwaona wajukuu wa wajukuu wake na bado alilima maharage yake mwenyewe. Mama naye, vita vilipoanza, alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini mzigo wa kuni aliubeba mgongoni bila kupumzika njiani. Tulijivunia jambo hilo. Kwenye harusi tuliwatania wakwe kwamba wakichukua binti wa kwetu, wajue watachoka wao kwanza.

Vita ndivyo vilivyoigeuza sifa hiyo. Kaka yangu alifanya biashara ya mafuta ya mawese kati ya Beni na Butembo. Alipigwa risasi kwenye kizuizi barabarani, na mpaka leo hatujui walikuwa askari wa upande gani. Miezi michache baadaye mwanawe wa kwanza akafa kwa malaria, maana dawa hazikuwa zikifika. Mama aliishi nao nyumba moja kule Beu, mtaa wa Beni, na muda wote huo hakukohoa hata mara moja. Baada ya mazishi ya mtoto, mjane wa kaka alinivuta nyuma ya jikoni.

"Batoto beko nakufa, muzee eko nabakia," alisema. "Mais hiyo miaka anaikamata wapi? Umupeleke kwako."

Nilimgombeza. Nilimwambia sisi ni watu wa misa, na kwamba risasi haimwulizi mtu mama yake ana umri gani. Kisha nikapanda pikipiki na mama, yeye kati yangu na dereva, tukaja Butembo. Njia nzima kifua changu kiligusa mgongo wake, na njia nzima nilikuwa nikiyasikia yale maneno.

Kwetu bibi hulala na wajukuu. Hakuna anayepanga. Mtoto akishaachishwa ziwa huhamia kitanda cha bibi, na huko ndiko anakojifunza sala, ukoo wake, na kuogopa fisi. Mimi mwenyewe nililala na bibi yangu hadi nilipoota matiti. Kwa hiyo mama alipofika, binti yangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, alibeba blanketi lake bila kutumwa akalipeleka chumba cha koko, ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi. Siku tatu nilivumilia. Siku ya nne mtoto akaamka na homa.

Ilikuwa homa ya mafua tu, Butembo ni baridi. Sikungoja kujua. Mchana uleule nilikwenda sokoni, nikanunua godoro dogo, nikalitandika chumbani kwangu, nikamwambia mama kwamba mtoto anageukageuka sana, atamharibia usingizi. Alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho mpaka akamaliza ungo mzima.

"Na wewe pia?" aliuliza.

"Mama, iko juu ya usingizi tu."

"Mutoto wangu, kama miaka inapewaka mutu, ningemupatia kaka yako yangu yote. Unafikiri minapenda kubakia?"

Nilipaswa kupiga magoti palepale. Badala yake nilisema supu inaungua, nikaenda jikoni. Hapakuwa na supu.

Kesho yake akaomba kurudi Beni. Barabara ilikuwa mbaya juma lile, watu walikuwa wakikimbia kutoka huko, si kwenda huko. Alisema shamba lake linamngoja. Nilimkataza kwa mdomo tu, na alipopanda pikipiki nilihisi nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Homa ya binti yangu ilikuwa imekwisha tangu jana yake, mama akiwa bado nyumbani mwangu.

Mjane wa kaka alikuwa amesharudi kwa wazazi wake, kwa hiyo mama aliishi peke yake Beu. Aliishi miaka tisa tena. Nilimtembelea, nikampelekea chumvi, sabuni, kitenge. Kila mara niliondoka Butembo na neno moja la kumwambia, na kila mara nilirudi nalo. Mara kulikuwa na wageni, mara mvua ilikuwa inakuja. Ukweli ni kwamba sikuona haraka. Katika miaka ile watu waliombana msamaha hata kwa sufuria iliyochelewa kurudishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika ya kesho. Mimi nilikuwa na mama asiyekufa. Nilijiambia Noeli. Kisha Pasaka. Kisha amani ikirudi.

Alikufa Jumanne asubuhi, shambani, jembe mkononi, bila kuugua. Kwenye matanga watu walinipa pole iliyofanana na pongezi: ni wachache, walisema, wanaokaa na mama muda mrefu namna ile. Binti yangu wa mwisho, wakati huo msichana wa sekondari, alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka.

"Mama," aliuliza polepole, "nilimukosea koko nini? Juu ya nini alikatalaka nilale naye?"

Nilimjibu kwamba koko alikuwa mzee, alipenda kulala peke yake. Sasa ana watoto wake, anakaa mitaa miwili tu kutoka kwangu, na kila Jumapili tunakula pamoja. Bado ndivyo anavyojua.