Mchongaji Anayeionea Wivu Miguu ya Jirani

Saa nne asubuhi, Goba, Agosti 1998. Gregori Nampoto ameketi chini, amebana gogo la mpingo kwa nyayo, tindo mkononi. Baada ya saa nzima anainuka, anazunguka banda, anarudi. Pembeni yake, mchongaji mwenzake Leonardi hajajisogeza tangu asubuhi.

"Namwonea wivu, sifichi," anasema Gregori, 46, mzaliwa wa Newala. "Si ufundi wake. Miguu yake."

Tangu mwaka 1993, kila akilala alihisi wadudu wakitambaa ndani ya miguu. Nafuu ilikuwa kuamka na kutembea.

"Nilijua ana mwanamke," anasema mkewe, Eufrazia. "Nilimfuata mara mbili. Nikamkuta anazunguka nyumba peke yake."

Mwaka juzi, daktari wa zahanati binafsi alimwandikia nusu kidonge kila usiku, dawa wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka mikono. Gregori akalala fofofo.

Miezi minane baadaye, miguu ikaanza kumsumbua magharibi, kisha alasiri, kisha adhuhuri. Akajiongezea dozi mwenyewe, hadi vidonge vitatu kwa siku. Kufika Machi mwaka huu hakuweza kukaa dakika kumi. Alimaliza kinyago kimoja kwa mwezi, Leonardi, vinne.

"Nilimfichia jiwe la kunolea siku mbili," anakiri Gregori. "Nilitaka naye ashindwe."

Ni Leonardi huyo huyo aliyeshtukia mwenendo wa ugonjwa.

"Braza, zamani ulikuwa unalalamikia usiku tu," alimwambia. "Sasa mchana unahangaika, na mikono nayo. Mbona kila ukiongeza dawa, ugonjwa unawahi?"

"Chonga chako!" Gregori alimfokea. Lakini alipomuuliza mkewe, naye alisema hivyo hivyo. Kesho yake akarudi zahanati.

"Dawa iliyokutuliza ndiyo sasa inauchochea ugonjwa," daktari alimweleza. Akampunguzia dozi kidogo kidogo, akimkataza kuiacha dawa ghafla. Kipimo cha damu kilionyesha upungufu wa madini ya chuma, akapewa vidonge vya madini hayo.

"Wiki mbili za mwanzo nililia kama mtoto," anasema Gregori. Sasa, mara nyingi, miguu humsumbua usiku tu.

Jiwe alilirudisha, akaomba radhi. Wivu haujaisha.

Anapanga kupeleka vinyago sita kwenye maonyesho ya Sabasaba mwakani. Leonardi atapeleka vyake.

"Nitaomba meza jirani na yake," anasema, akipuliza vumbi la mpingo. "Wateja wakisimama kwangu, naye aonje wivu. Hata siku moja tu."