Kinyozi Sori na Mkasi wa Mama Mkwe

Wateja walimwita Kinyozi Sori, na jina lenyewe kajitakia. Akikukwaruza sikio, sori. Umeme ukikatika umenyolewa upande mmoja, sori, na hapo tayari anakutafutia kofia. Neno lilimtoka kama kikohozi, bila kupitia moyoni.

Chumba cha kazi aligawana na mkewe, mshonaji, pazia likiwa katikati. Upande wa mke kulikuwa na mkasi mzito aliorithi kwa marehemu mama yake, mkasi wa kitambaa tu. Hata karatasi ilikuwa marufuku. Siku moja waya wa mashine ya kunyolea ukaharibika, na bwana huyu, sijui alirogwa na nani, akauchukua mkasi ule akakatia waya. Makali yakapata pengo. Mnoa visu aliutazama, akatikisa kichwa, akaurudisha.

"Sori," kinyozi akamwambia mkewe, akaendelea kufagia nywele.

Tangu hapo mke kala jiwe. Chakula anapakua, salamu za wateja anaitikia, ila mumewe hapati hata guno. Pazia lililokuwa wazi mchana kutwa sasa limefungwa, na kinyozi, mtu wa maneno mengi, akabaki kuzungumza na kioo. Aliogopa kweli. Mke akikugombeza bado yupo. Huyu alikuwa kama ameshahama.

Ndipo akaja kunyolewa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akakwaruzwa sikio, akaambiwa sori, akacheka. Akaeleza kuwa neno hilo, kwa Waingereza wenyewe wa zamani, lilikuwa ukoo mmoja na neno la kidonda. Aliyelitamka alikuwa anasema kwamba lililotokea limemuumiza na yeye. Siku hizi hata wao wanalitupa tu wakipishana kwenye ngazi.

"Kumbe kutwa nzima natangaza vidonda nisivyo navyo," kinyozi akasema, akicheka. Kisha akaliangalia pazia, kicheko kikamkauka.

Mwalimu alipoondoka, kinyozi akalisogeza pazia kidogo. Neno lake likamjia mdomoni, akalimeza.

"Mke wangu, mkasi wa mama nimeuharibu mimi, kwa uvivu wa kutafuta koleo. Ndicho kitu chake ulichokuwa unakishika kila siku. Inaniuma."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akamtazama, machozi yakimlengalenga.

"Sasa nimekusikia," akasema, akalifungua pazia lote.

Kinyozi akaingia kwa furaha, nywele za mwalimu zikimpukutika mikononi, zikatua juu ya gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa kwenye cherehani.

Mdomo ukamfunguka. Mkewe akamwangalia. Kinyozi akaufunga, akapiga magoti, akaanza kuokota nywele moja moja.