Nilimtaja Mwalimu kwa Sababu ya Vipande vya Turubai, na Jirani Ndiye Anayechukiwa Hadi Leo

(Mama huyu ametuandikia kutoka Kindu, Kongo. Majina yote yamebadilishwa kwa ombi lake. Msomeni taratibu, na mkimjibu msimtukane.)

Wapendwa, mimi ni mama wa miaka sitini na tisa, mjane, ninaishi Kindu upande wa stesheni. Wazazi wangu walitoka Kasai kwa kazi ya reli. Ninachowaambia leo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Ilikuwa wakati wa Zaire, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu, Baba Kalala, alikuwa karani wa reli. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwalimu Ramazani, mzaliwa wa hapa, aliyefundisha jiografia na kuchora. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na mke wake Zaina alikuwa na mimba. Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha naye alirudi kwao, akamwachia sanduku la askari wadogo wa kuchezea, wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole. Kila Jumapili wale wawili walipigana vita mezani kwangu, wakirusha dadu na kubishana kama watoto.

Meza tupu iliwachosha. Mimi nilikuwa mshonaji, wakaniletea turubai kuukuu za mabehewa. Nilizikata vipande vya mraba, kila ukingo nikaushonea vifungo na vitanzi ili viungane. Wao wakapaka rangi: huku mto, huku barabara, huku pori. Wakitaka vita vya mtoni wanaunganisha hivi, wakitaka vya porini wanavipanga upya. Kwanza walichora nchi za mbali. Halafu mume wangu akasema, "Kwa nini tusichore kwetu?" Wakachora mto Lualaba, kivuko, stesheni, uwanja wa ndege, mpaka kambi ya askari. Majina yote aliyaandika mume wangu, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ofisini.

Siku moja mvua ilivuja juu ya sanduku. Asubuhi nikavitandaza vipande uani upande wa barabara vikauke, vyote vimeungana, nikarudi kwenye cherehani yangu barazani. Mume wangu alikuwa kazini. Wanaume wawili wenye makoti yasiyo na kola, vazi la watu wa usalama siku zile, walikuwa wanapita barabarani kutoka bandarini. Wakasimama. Wakaingia bila hodi. Mmoja akachuchumaa, akafuata mto kwa kidole mpaka kwenye kambi.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni muchezo, baba."

"Muchezo iko na kambi ya askari? Nani njo mwenye hii?"

Mtoto wangu alikuwa mgongoni. Niliwaza jambo moja tu, kwamba wakimchukua Baba Kalala nimekwisha. Nikasema, "Ni ya Mwalimu Ramazani. Aliniletea nishone tu."

Walimwita kutoka shuleni. Alikuja na chaki mkononi. Akaangalia vile vipande, akaona mwandiko wa mume wangu, kisha akaniangalia. Ningependa angekuwa na hasira. Hakuwa nayo.

"Wewe njo ulichora?" wakamuuliza.

"Njo mimi. Peke yangu. Na maandishi ni yangu."

Wakati wanamsukuma kwenye gari akageuka. "Mama Kalala, uambie Zaina asiningojee kwa chakula."

Hakurudi. Kuna waliosema alipandishwa treni ya kusini, kuna waliosema hakufika hata stesheni. Zaina alijifungua mtoto wa kike, Furaha. Nguo zake za kwanza nilishona mimi, machozi yakidondokea kitambaa, na watu wakanisifu kwa moyo mwema.

Mume wangu aliporudi siku ile aliniuliza, "Nani alisema?" Nikajibu, "Sijui. Labda Amuri." Amuri alikuwa jirani yetu, kiongozi wa chama tawala mtaani kwetu. Hakuwa hata nyumbani siku hiyo. Lakini neno langu lilitembea, na kila mtu aliliamini kwa sababu ya beji aliyovaa kifuani. Chama kilipoanguka walimpiga mawe. Mke wake alipokufa, kwenye kilio tulikuwa watu tisa. Mimi nilikwenda. Alinishika mikono akasema, "Asante, mama, wewe unajua mimi si mtu mubaya." Niliitikia kwa kichwa tu.

Mpaka sasa nikisikia harufu ya rangi mbichi nainuka kufunga dirisha. Mara nyingine, mchana kweupe, nainua macho kutoka cherehani na kumwona mtu amesimama uani na chaki mkononi, anasubiri niseme. Nikipepesa macho hayupo.

Sasa mjukuu wa Mzee Amuri, kijana muuguzi, ameleta posa kwa binti wa Furaha. Wanapendana kweli. Furaha amekataa. Alikuja kwangu, maana tangu Zaina afariki mimi ndiye mama yake, akalia: "Mama, nitoe mutoto wangu kwa nyumba yenye iliuza baba yangu? Unishauri wewe, wewe ulikuwako."

Nilimwambia anipe siku chache. Jibu la posa linatolewa Jumapili hii. Binti amegoma kula.

Nikisema, Furaha nitampoteza, na wanangu watajua baba yao aliishi kwa kifo cha rafiki yake. Nikinyamaza, mzee wa watu, amekaribia miaka tisini, atazikwa na uovu wangu. Jana alipita mlangoni na fimbo yake akaniambia, "Uniombee kwa Furaha, mama. Wewe atakusikiliza." Nikamwambia nitajaribu.

Ndugu zangu, nitasemaje? Nianze na Furaha, au nianze na yule mzee? Nishaurini, nifanye nini?